Simu Yenye Mlango

Nyumba ina mlango. Sanduku lina kifuniko. Je, simu nayo yaweza kuwa na mlango? Ndiyo, yaweza. Katika somo hili utasoma habari za simu moja ya kampuni ya Ericsson ya nchi ya Sweden. Jina lake ni R380. Ilitangazwa mwaka 1999, ikaanza kuuzwa mwaka 2000. Ilikuwa miongoni mwa simu janja za kwanza duniani, nayo ilikuwa na mlango.

Kwanza nitakueleza jinsi somo hili lilivyoanza. Darasa letu la jioni liko katika kijiji cha wakulima wa korosho. Siku moja mama mmoja alikuja na simu ya kukunja. Mwanawe alimletea kutoka mjini. Mama akaifungua, tak! Akaifunga, tak! Darasa zima likageuka kumtazama. Somo la siku ile likasimama.

Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, simu yangu haina kifuniko, na inaita vizuri tu. Hicho kifuniko ni cha nini? Ni urembo?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilisema kifuniko huzuia vumbi. Wanakisomo walinyamaza kwa heshima, lakini niliona wazi kwamba hawakuridhika. Na mimi sikuridhika. Jibu nililopaswa kumpa mzee yule ni hili unaloanza kulisoma sasa.

VITU VIWILI VINAGOMBEA NAFASI MOJA

Chukua simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita kitochi. Itazame usoni. Juu kuna kioo kidogo. Chini kuna vitufe vya tarakimu, 1 mpaka 9, na 0. Kioo ni cha kusomea. Vitufe ni vya kubonyeza. Vyote viwili vinakaa upande mmoja wa simu.

Sasa fikiri kama mtengenezaji. Unataka kioo kikubwa, ili mtu asome barua nzima bila kuumiza macho. Kioo kikiwa kikubwa, vitufe vinakosa mahali. Ukivipa vitufe nafasi ya kutosha, kioo kinabaki kidogo kama ukucha. Ni sawa na mkulima mwenye kishamba kidogo. Akipanda mahindi mengi, maharage yanakosa nafasi.

Je, si angeongeza shamba tu? Yaani, atengeneze simu kubwa zaidi? Hapo kuna mpaka, nao ni mfuko wa shati au wa suruali. Simu isiyoingia mfukoni huachwa nyumbani.

Kwa hiyo watengenezaji walikuwa na shida ya kweli. Kifuniko kilikuwa dawa ya shida hiyo. Haikuwa habari ya vumbi, wala ya urembo.

MWAKA 1996: SIMU MBILI ZA KUFUNGUKA

Kabla ya R380 kulikuwa na simu nyingine za kufunguka. Mwaka 1989 kampuni ya Motorola ya Marekani ilitoa simu iitwayo MicroTAC. Hiyo ilikuwa na kipande chembamba kilichofunika vitufe.

Mwaka 1996 zilitoka simu mbili ambazo inafaa tuzilinganishe. Ya kwanza ni StarTAC, nayo ni ya Motorola. Hiyo ilijikunja katikati kama kitabu kinavyofungwa. Uzito wake ulikuwa karibu gramu 88. Unajua kwamba robo kilo ni gramu 250. Basi simu hiyo ilikuwa nyepesi kuliko nusu ya robo kilo. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa moja, kuzungumza.

Ya pili ni Nokia 9000, iliyotengenezwa na kampuni ya Nokia ya Finland. Hiyo ilifunguka kwa urefu wake, kama sanduku dogo la miwani. Nje ilikuwa simu ya kawaida. Ndani kulikuwa na kioo kipana na vitufe vya herufi zote, kama vya mashine ya kupiga chapa. Mtu aliweza kuandika barua na kuituma. Uzito wake ulikuwa gramu 397, pungufu ya nusu kilo. Weka mfuko wa sukari wa nusu kilo ndani ya mfuko wa shati lako, ndipo utaelewa.

Kwa hiyo mnunuzi wa mwaka 1996 alikuwa na njia mbili. Achukue simu nyepesi ya kuzungumza tu, au achukue simu nzito ya kuandika na kusoma. Hakukuwa na katikati.

MLANGO WA R380

Watu wa Ericsson walitafuta hiyo katikati. Walifanya hivi. Walichukua kioo kirefu, wakakilaza juu ya uso wa simu karibu wote. Kisha wakavipandisha vitufe vya tarakimu juu ya kifuniko chembamba. Kifuniko hicho kikashikwa na bawaba, kama mlango wa nyumba, kikafunika sehemu kubwa ya kioo.

Kifuniko kikiwa kimefungwa, unaona simu ya kawaida. Juu kuna sehemu ndogo ya kioo iliyobaki wazi. Chini kuna tarakimu. Unaishika wima. Unabonyeza namba, unapiga, unaweka sikioni.

Kifuniko kikifunguliwa, vitufe vinaondoka njiani. Kioo chote kinaonekana. Sasa unaigeuza simu na kuishika kwa ubavu, kama mtu anayeshika rula kwa mikono miwili. Maandishi nayo yanageuka, yanakwenda kwa upana. Simu ileile imekuwa daftari.

Umeona ujanja wao? Vitu viwili vilikuwa vinagombea nafasi moja. Wao hawakuongeza nafasi. Waliweka kimoja juu ya mwenzake, kisha wakatia bawaba. Binafsi naona hilo ni wazo zuri kuliko mengi yaliyokuja baadaye, kwa sababu halikuhitaji kitu kipya. Bawaba ni kitu cha kale. Kila fundi seremala anayo sandukuni mwake.

Sasa chukua rula na daftari. Chora mstatili wenye urefu wa sentimita 13 na upana wa sentimita 5. Huo ndio uso wa R380. Unene wake ulikuwa kama sentimita 2 na nusu, yaani ilikuwa nene kuliko simu za leo. Ndani ya mstatili huo chora mwingine, sentimita 8 kwa 3 hivi. Hicho ndicho kioo. Uzito wa simu nzima ulikuwa gramu 164. Linganisha na zile mbili za mwaka 1996. Ilikuwa nzito kuliko StarTAC, lakini haikufika nusu ya Nokia 9000.

NDANI KULIKUWA NA NINI

Ndani ya mlango ule kulikuwa na kitabu cha majina na namba za watu. Kulikuwa na kalenda ya kuandikia siku za miadi. Kulikuwa na daftari la maandishi mafupi, kikokotoo cha kufanyia hesabu, na mahali pa kusomea barua pepe. Barua pepe ni barua inayosafiri kwa intaneti, bila karatasi wala stempu.

Hapakuwa na kamera. Rangi pia hazikuwamo. Kioo kilionyesha maandishi meusi tu, na nyuma yake palikuwa na mwanga wa kusaidia gizani.

Maandishi juu ya kioo hufanyikaje? Tazama mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi mbili. Ukiutazama kwa mbali unaona maua au nyota. Ukisogea karibu unaona vipande vidogo tu, kimoja cheupe, kingine cheusi. Kioo cha simu ni mkeka wa namna hiyo. Kimejaa nukta ndogo sana. Nukta zikiwa nyeusi mahali fulani, unaona herufi A. Zikibadilika, unaona B.

Kioo cha R380 kilikuwa na nukta 360 kwa upana na nukta 120 kwa kimo. Zidisha 360 mara 120. Unapata nukta 43,200. Je, hizo ni nyingi? Simu nyingi za kupangusa za siku hizi zina nukta 1,080 kwa 2,400. Zidisha tena. Unapata 2,592,000. Gawanya hesabu hiyo kwa 43,200, utaona kwamba kioo cha simu hizo kina nukta mara 60 ya kile cha R380. Ndiyo maana leo picha ya mtoto inaonekana hata vinyweleo vyake. Wakati ule ulisoma herufi, ukashukuru.

KIOO KINACHOSIKIA KIDOLE

R380 ilipofunguliwa haikuwa na vitufe vya herufi. Mtu aliandikaje, basi? Aligusa kioo chenyewe. Simu ilichora vitufe vya herufi juu ya kioo, naye akavigusa kimoja kimoja. Alitumia kijiti chembamba kama kalamu isiyo na wino.

Nikueleze jinsi kioo cha aina hiyo kinavyosikia. Juu kuna utando laini. Chini yake kuna utando mwingine. Katikati yao kuna nafasi ndogo mno. Umeme mdogo unapita katika tando hizo. Ukibonyeza juu, utando wa juu unashuka na kugusana na wa chini. Mahali zinapogusana, umeme unapita. Simu inapima ni mahali gani, ndipo inajua umegusa herufi ipi.

Kioo hicho hakijali unakigusa kwa nini. Kidole, ukucha, kijiti, hata ncha ya bua, vyote ni sawa. Kinachotakiwa ni kubonyeza.

Vioo vya simu za kupangusa za leo si hivyo. Hivi husikia kwamba mwili wako unaweza kupitisha umeme. Havihitaji kubonyezwa, vinahitaji ngozi. Ndiyo sababu ukucha haufanyi kazi, na kijiti kikavu hakifanyi kazi. Ndiyo sababu pia wakulima wengi huniambia, "Mwalimu, hii simu hainisikii." Mkono ulioshika jembe miaka thelathini una ngozi ngumu na kavu, na kioo hukosa kuusikia vizuri. Kosa si la mkulima. Jaribu kidole kingine kisicho na sugu, au lowesha kidole kidogo tu na ukifute. Mara nyingi itasikia.

MLANGO USIOFUNGUKA

Tusiisifu simu hii kupita kiasi. Ilikuwa na kasoro kubwa.

Simu janja hufanya kazi kwa programu. Programu ni maagizo yanayoiambia simu ifanye nini. Programu moja huifanya simu iwe kalenda, nyingine huifanya iwe kikokotoo. Maagizo makuu ya R380 yalitoka kwa Symbian, kampuni ya London iliyoundwa mwaka 1998. Ericsson ilikuwa mmoja wa wenye kampuni hiyo, pamoja na Psion, Nokia na Motorola. Maagizo hayo yaliweza kubeba programu nyingi mpya. Lakini mwenye R380 hakuruhusiwa kuongeza hata moja. Alibaki na zile alizozikuta siku ya kununua. Kifuniko cha nje kilifunguka, lakini huku ndani palifungwa.

Kasoro ya pili ilikuwa intaneti yake. Ilikuwa polepole sana. Simu ilipiga namba kama inavyopiga kwa mtu, ikakaa hewani muda wote wa kusoma, na malipo yakahesabiwa kwa dakika. Kwa kasi ya simu hiyo, ziliweza kupita herufi 1,200 hivi kwa sekunde moja. Kwa maandishi matupu, si mbaya. Somo hili zima lingefika kabla hujamaliza kupiga miayo miwili mitatu. Lakini chukua picha moja ya siku hizi. Picha hula nafasi kuliko maandishi, na picha nyingi ni sawa na herufi 2,000,000. Gawanya kwa 1,200. Unapata sekunde 1,667, yaani karibu dakika 28. Hizo ni dakika 28 za kulipia, ili kuona picha moja tu ya mjukuu!

NDUGU YAKE MDOGO

Mwaka 2001 kampuni ya Ericsson iliungana na kampuni ya Sony ya Japani katika kazi ya simu. Mwaka 2002 wakatoa simu iitwayo P800. Hii ni ndugu mdogo wa R380. Ilikuwa na rangi na kamera, na mwenyewe aliweza kuongeza programu. Huku ndani nako palikuwa pamefunguliwa.

Kifuniko chake ndicho kinachonifurahisha zaidi. Kilikuwa na vitufe vya tarakimu, lakini hakikuwa na waya hata mmoja. Ulipobonyeza kitufe, kipande kidogo nyuma yake kilisukuma kioo. Kioo kikadhani kimeguswa na kidole. Basi! Kifuniko kilikuwa kama vidole vya bandia, vilivyopangwa mahali pake.

Faida ya jambo hili ni kubwa, na kila aliyewahi kupeleka simu ya kukunja kwa fundi ataielewa. Katika simu za kukunja za kawaida, nusu moja ya simu inapaswa kuzungumza na nusu nyingine. Utepe mwembamba wa nyaya hupita palepale kwenye bawaba. Kila unapofungua, utepe unakunjuka. Kila unapofunga, unakunjika. Chukua waya mwembamba, ukunje na kuukunjua mara nyingi. Nini kinatokea? Unakatika. Hivyo ndivyo simu nyingi za kukunja zinavyokufa. Sauti ipo lakini kioo ni cheusi, au kioo kipo lakini sauti haisikiki. Ukiona simu ya kukunja inauzwa kwa mtu, usiitazame ikiwa imefunguliwa tu. Ifungue na kuifunga polepole mara kadhaa huku inawaka, utazame kama kioo kinacheza.

Kifuniko cha P800 hakikuwa na ugonjwa huo, maana hakikuwa na utepe wa kukatika. Mwenyewe aliweza hata kukitoa, akaendelea kutumia simu bila kifuniko. Mpini wa jembe ukivunjika, jembe linabaki.

Baadaye watengenezaji wengi waliacha vifuniko. Vitufe vya tarakimu vilihamia ndani ya kioo, vikawa picha tu. Kilichokuwa kinagombea nafasi na kioo kikawa kimemezwa na kioo. Simu ikawa kibao kimoja, kama unavyoziona leo. Lakini kukunja hakukufa kabisa. Mwaka 2019 kampuni ya Samsung ya Korea Kusini ilitoa simu ambayo kioo chenyewe kinajikunja. Ilikusudiwa kuuzwa mwezi wa Aprili. Kabla ya hapo baadhi ya watu waliopewa kuijaribu waliona vioo vinaharibika. Wengine walibandua utando wa juu, wakidhani ni ile plastiki ya kufungia bidhaa mpya. Uuzaji ukacheleweshwa mpaka Septemba, ili simu itengenezwe upya. Mkunjo bado ni mahali pa hatari.

NJE TARAKIMU, NDANI HERUFI

Sasa tazama tena R380, kisha ufikirie juu ya darasa letu.

Mlango ukiwa umefungwa, simu ile ilitumiwa na mtu yeyote anayejua tarakimu. Alihitaji kujua 0 mpaka 9, basi. Mlango ukifunguliwa, tarakimu hazikutosha. Kalenda ilikuwa maandishi. Barua ilikuwa maandishi. Hata kuuliza simu ifanye nini kulihitaji kusoma neno na kuligusa. Sidhani kama watengenezaji walilikusudia jambo hili, lakini mlango ule uliigawa simu sehemu mbili. Nje palikuwa pa mwenye kujua namba. Ndani palikuwa pa mwenye kujua kusoma.

Simu zetu hazina mlango ule, lakini mgawanyo huo upo. Watu wengi wamekaa upande wa nje miaka mingi. Wanapiga, wanapokea, wanabipu. Ujumbe ukiingia, wanamtafuta mtu wa kuwasomea.

Kisha fedha zikaingia ndani ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na mwaka 2008 ikaanza Tanzania. Tangu hapo, kilichoko ndani ya simu si salamu tu. Ni bei ya korosho, ada ya mtoto, mchango wa msiba.

Yule mama mwenye simu ya kukunja alitusimulia mambo yake jioni nyingine. Nayaandika hapa kwa ruhusa yake. Kabla ya kujiunga na darasa, alikuwa akimpa simu yake kijana mmoja amsomee ujumbe. Kijana alijua namba yake ya siri, maana ndiye aliyembonyezea. Msimu mmoja mama aliuza korosho. Akaingiziwa fedha. Akamwuliza kijana, "Salio linasemaje?" Kijana akamwambia shilingi elfu ishirini. Mama akashangaa kidogo, lakini akadhani ni makato ya chama. Siku tatu baadaye mpwa wake alifika kumsalimu, akausoma ujumbe uleule. Ulikuwa umeandikwa elfu sitini. Salio la siku ile lilikuwa elfu ishirini kweli.

"Ujumbe haukudanganya," mama alituambia. "Ulikuwa umekaa mkononi mwangu siku tatu, umeniambia kila kitu. Mimi ndiye sikuusikia."

Darasa lilikaa kimya. Mzee aliyeuliza habari za kifuniko alitazama chini.

Nilimwuliza mama alifanya nini alipojua kusoma. Alisema jambo la kwanza lilikuwa kubadilisha namba ya siri. Aliifanya kazi hiyo usiku, peke yake, mlango umefungwa, taa mezani. Alisoma kila neno kwenye kioo kwa sauti ndogo kabla ya kubonyeza. Alikosea mara moja, akarudia. Ilimchukua karibu nusu saa. Tangu siku ile hajamwambia mtu namba hiyo, hata mwanawe aliyemletea simu.

"Na mimi nikifunga simu yangu hivi," akasema, akaifunga, tak, "imefungwa kweli."

Mzee akacheka. Akaomba aishike kidogo. Akaifungua na kuifunga mara tatu nne, akaitazama bawaba yake kwa makini, kama anayetaka kununua.

MASWALI

1. Ni vitu gani viwili vilivyogombea nafasi usoni mwa simu? R380 iliviwekaje?

2. Simu mbili za mwaka 1996 zilitofautiana kwa uzito kiasi gani? Toa 88 kwenye 397.

3. Kwa nini ukucha uliweza kutumika kwenye kioo cha R380, lakini hautumiki kwenye simu ya kupangusa ya leo?

4. Kwa nini kifuniko cha P800 hakikupata ugonjwa wa utepe?

5. Yule mama aliambiwa salio gani? Ujumbe ulikuwa umeandikwa kiasi gani? Ni kiasi gani kilichopotea?

KAZI YA KUFANYA

Chukua simu yako, au ya mwenzako akikuruhusu. Fungua ujumbe wa mwisho ulioingia. Usome mwenyewe mara mbili, kimyakimya, bila kusaidiwa. Kisha nakili katika daftari lako maneno ambayo hukuyaelewa, uje nayo darasani. Ukiwa ni ujumbe wa fedha, usinakili namba ya siri wala usimwonyeshe mtu. Leta maneno tu.